Dubai: Deni la marehemu katika barua zisizotafutika

Msikilizaji, sheria ya mirathi ya Kiislamu ina utaratibu ambao kila familia ya pwani inaufahamu. Mtu akifariki, mali yake haigawanywi papo hapo. Hutangulia gharama za mazishi, yakafuata madeni, ukafuata wasia usiozidi thuluthi, na ndipo warithi wakae kugawana kilichobaki. Kwa hiyo swali la kwanza linaloulizwa baada ya tanga si nani atapata nini. Huulizwa marehemu alikuwa akidaiwa na nani, na yeye mwenyewe alikuwa akimdai nani.

Zamani swali hilo lilijibiwa na daftari. Mfanyabiashara aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake, na aliyetaka kujua alifungua kurasa. Daftari lilipokosekana walitafutwa mashahidi. Katika mji wa Dubai leo, ambako Waswahili wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Komoro hufika kununua na baadhi yao hukaa na kufanya kazi, jawabu limo ndani ya kompyuta na simu. Limo humo, lakini halionekani kwa urahisi. Makala hii inaeleza kwa nini.

Uhusiano wa Dubai na Afrika Mashariki ni wa kale kuliko mnara wowote wa vioo unaoonekana sasa katika mji huo. Boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba za zamani za Ghuba, kwani Ghuba haina miti mirefu ya kujengea. Majahazi yalipeleka tende na samaki mkavu, yakarudi na boriti. Siku hizi mizigo imebadilika. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala huenda Deira, katika mitaa inayozunguka Naif na medani ya Baniyas, wakanunua nguo, simu, vipuri vya magari na matairi. Mizigo hukusanywa na mawakala, ikapakiwa katika makontena, ikasafirishwa kupitia bandari ya Jebel Ali iliyofunguliwa mwaka 1979. Kinachounganisha mnunuzi, wakala na muuzaji katika safari hiyo yote ni maneno. Bei ilikubaliwa lini, nani alitanguliza fedha, nani aliahidi kulipa mwezi ujao. Yote hayo huandikwa kwa haraka, kisha husahauliwa.

Tuchukue mfano wa wakala mmoja wa mizigo, asiye na jina kwa kuwa wa namna yake ni wengi. Tuseme alianza kazi Deira mwanzoni mwa miaka ya 1980 na akafariki karibuni. Alipoanza alitumia teleksi, mashine iliyoandika kwa herufi kubwa tupu na kutoa nakala katika karatasi. Ikaja faksi. Mtandao wa intaneti ulipofunguliwa kwa wananchi katika Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 1995, akapata barua pepe. Baadaye alizungumza na wateja kwa Yahoo! Messenger, na miaka yake ya mwisho karibu kila kitu kilipita WhatsApp. Mwanawe akitaka kujua kama mteja fulani wa Dar es Salaam alimaliza deni lake, inambidi aulize vyombo vitano ambavyo havijuani.

Teleksi, ajabu, ndiyo rahisi, kwa kuwa karatasi yake ipo jaladani. Faksi ni mtihani. Mashine nyingi za kwanza zilitumia karatasi ya kuchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yakikaa, hasa penye jua na joto, vitu ambavyo Dubai haikunyimwa. Jalada lililojaa faksi za mwaka 1992 huenda likawa jalada la karatasi nyeupe.

Barua pepe ndizo zinazowadanganya watu. Mtu huona faili lipo, lina ukubwa wake na tarehe yake, akadhani kazi imekwisha. Programu iliyopendwa sana maofisini, Outlook, ilihifadhi barua zote katika faili moja. Katika matoleo yake ya 97 hadi 2002 faili hilo halikuweza kuzidi gigabaiti 2, na maneno yaliyomo yaliandikwa kwa jedwali la herufi la kompyuta ileile iliyoyahifadhi. Toleo la 2003 lilileta faili la namna nyingine, lenye kutumia mfumo wa Unicode. Ndugu yake mdogo, Outlook Express, alikuwa na faili za aina yake, naye alitoweka Windows Vista ilipotolewa mwaka 2007. Ofisi iliyobadilisha kompyuta mara nne katika miaka 20 ina masanduku manne, na kila sanduku lina kufuli lake.

Yahoo! Messenger ilikuwa na siri yake pia. Mazungumzo yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya mtumiaji hayakuachwa kama maandishi ya kawaida. Yalifichwa kwa kuchanganywa na jina la mtumiaji mwenyewe. Asiyelijua jina hilo akifungua faili huona takataka. Huduma yenyewe ilifungwa tarehe 17 Julai 2018, kwa hiyo hakuna tena mlango wa mbele wa kugonga. Mtoto anayekumbuka jina alilotumia baba yake mwaka 2004 ana bahati.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, nalo ni herufi. Kompyuta haijui herufi. Inajua hesabu, na mahali fulani pana jedwali linalosema hesabu hii ni herufi ile. Jedwali la Kimarekani liitwalo ASCII, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, lina nafasi 128, na ndani yake hakuna hata alifu. Nchi za Kiarabu zilijitengenezea majedwali yao. Shirika la viwango la nchi hizo, ASMO, lilitoa jedwali namba 708 katikati ya miaka ya 1980, nalo likakubaliwa kimataifa kwa jina la ISO 8859-6. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa na lake, Windows-1256. Macintosh ilikuwa na la tatu. Kompyuta za DOS zilikuwa na zaidi ya moja.

Majedwali haya mawili, lile la ISO na lile la Windows, yanafanana kwa sehemu na kutofautiana kwa sehemu, na hapo ndipo balaa inapoingia. Yangetofautiana kabisa, kila mtu angeona mara moja kwamba maandishi yameharibika. Lakini aliyekwenda chuoni na kuhesabu herufi kwa utaratibu wa madrasa atafahamu haraka: kuanzia alifu hadi dwadi majedwali yote mawili yanatoa hesabu zilezile. Kuanzia twaa, yanaachana. Microsoft iliingiza alama ya kuzidisha mahali pa twaa, herufi zilizofuata zikasukumwa mbele, na mbele zaidi zikachanganywa na herufi za Kifaransa zenye vikofia.

Matokeo yake ni haya. Jina Rashid, kwa Kiarabu re, alifu, shini na dali, lote limo katika sehemu inayofanana. Likiandikwa kwa jedwali la ISO na kusomwa kwa jedwali la Windows, hubaki Rashid. Jina Said halibaki. Sini yake inapona na dali yake inapona, lakini aini inageuka dhwaa, na ye inageuka e ya Kifaransa yenye kofia. Salim anapoteza lamu na mimu, zikawa nuni na he. Na Omar, msikilizaji, ana kioja chake. Aini inageuka dhwaa, mimu inageuka he, re inabaki re. Linalotokea si takataka. Ni neno kamili la Kiarabu, lile la adhuhuri.

Ukitafuta mizigo ya Omar katika faili la namna hiyo, kompyuta itakujibu kwa heshima kwamba hakuna Omar. Haitasema kwamba imeshindwa kusoma. Na msomaji anayepitisha macho haraka katika orodha hataona kitu kilichovunjika. Ataona adhuhuri, na pengine atadhani ni wakati wa kufika lori.

Yapo mengine ya jinsi hiyo. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kwa mahali ilipo: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, au peke yake. Mifumo fulani ya zamani, kwa ufinyu wa mashine, ilihifadhi umbo badala ya herufi, kwa hiyo mimu ya mwanzo na mimu ya mwisho zilikuwa na hesabu mbalimbali kana kwamba hazina undugu. Jedwali la dunia nzima, Unicode, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, lilikusudiwa kumaliza fujo hizi: herufi moja, hesabu moja, kwa lugha zote. Limefanikiwa sana. Lakini halikuweza kuyakataa maandishi yaliyokwisha kuandikwa, na kwa sababu hiyo liliyatengea maumbo ya zamani mahali pao, pamoja na kanuni za kuyarudisha kwenye herufi za asili. Programu ya kutafutia inayozifuata kanuni hizo huona mimu zote kuwa mimu. Isiyozifuata huona wageni.

Dubai yenyewe inaongeza chumvi. Huo ni mji ambamo makarani wa Kiajemi, wa Kipakistani na wa Kiarabu hukaa dawati moja. Kafu ya kibodi ya Kiajemi na kafu ya kibodi ya Kiarabu hufanana sana machoni, hasa katikati ya neno, lakini katika Unicode zina hesabu mbili. Ye vivyo hivyo. Tarakimu pia: sifuri hadi tisa za Kiarabu zina mahali pake, na zile za Kiajemi na Kiurdu zina pake, ingawa nyingi zake huwezi kuzitofautisha kwa jicho. Jina Mubarak lililoandikwa na karani wa Karachi halikutani na Mubarak aliyeandikwa na karani wa Aleksandria. Namba ya ankara nayo hupotea kwa njia hiyohiyo, jambo linaloudhi zaidi, maana namba ndiyo ambayo mtu huitegemea majina yanapomshinda.

Na hapo hatujafika kwenye herufi za Kilatini, ambazo Waswahili wengi hudhani kwamba hazina matatizo. Kiswahili hakina vikofia wala nukta juu ya herufi. Kina kitu kimoja tu cha kukisumbua kompyuta: kile kikoma cha juu cha ng'. Wanaojua Kariakoo wanaujua Mtaa wa Narung'ombe. Mtu akiuandika katika programu ya barua ya kawaida, kikoma hutoka kimesimama wima. Akiuandika katika Microsoft Word, programu humsahihisha bila kuulizwa, ikakipinda kikoma kama mkia wa mjusi. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na anayetafuta Narung'ombe yenye kikoma wima katika programu ngumu hataipata ile yenye kikoma kilichopinda. Mambo huwa mabaya zaidi kikoma kilichopinda kinapoandikwa kwa njia ya UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992, na kusomwa na programu inayodhani ni jedwali la Windows la Ulaya Magharibi. Kikoma kimoja huwa alama tatu: a yenye kofia, alama ya euro, na alama ya nembo ya biashara. Waliopokea barua kutoka nyumbani katika miaka ya 2000 waliiona alama hiyo ya euro katikati ya ng'ombe, wakaizoea.

Majina ya watu nayo hayana tahajia moja. Omar wa Mombasa ni Omary katika pasi ya Tanzania na Umar katika hati ya Dubai. Khamis ni Hamisi. Said ni Saidi, na ni Saeed. Hapa chombo cha kale cha Marekani kinaweza kusaidia kidogo: mwaka 1918 Robert Russell alisajili njia ya kuorodhesha majina kwa sauti badala ya tahajia, iitwayo Soundex. Njia hiyo huacha irabu na kuyapanga majina kwa makundi ya konsonanti. Kwa njia hiyo Said na Saeed hukutana. Lakini Soundex huishika herufi ya kwanza bila kuigusa, kwa hiyo Omar na Umar hawakutani kamwe, wala Khamis na Hamisi. Ilitengenezwa kwa majina ya Marekani na mazoea yake, na haikuijua kh ya pwani ambayo mmoja huitamka na mwingine huiacha.

Mtu atasema: basi tuache majina, tutafute neno lenyewe, kulipa. Hapo Kiswahili kinajitetea kwa njia yake. Kiingereza huongeza vipande vichache mwishoni mwa neno. Kiswahili hujenga mbele na nyuma. Nimekulipa, hajalipwa, tutalipana, asipolipa, malipo, mlipaji. Yote ni mti mmoja, na programu inayotafuta neno zima halitoi hata moja kati ya hayo kwa anayeandika lipa. Anayetafuta kipande cha lip peke yake atayapata yote, lakini pia ataletewa bomba lililolipuka na swali la gari lipi. Wanaisimu wameshughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alianza katikati ya miaka ya 1980 kutengeneza programu inayochambua neno la Kiswahili na kurudisha mzizi wake, na kazi hiyo ikazaa mkusanyo mkubwa wa matini ya Kiswahili uliochambuliwa neno kwa neno. Elimu ipo, basi. Haijafika katika kisanduku kidogo cha kutafutia kilichomo ndani ya simu ya mfanyabiashara wa Deira.

Waarabu walilikabili jambo la mizizi mapema zaidi, na kwa sababu kubwa zaidi: walitaka kuzipata Hadithi. Faharasa kubwa ya maneno ya Hadithi iliyoanza kuchapishwa Leiden mwaka 1936, chini ya A. J. Wensinck, ilipangwa kwa mizizi, mtu akitafuta kwa neno moja alilolikumbuka. Kampuni ya Sakhr, iliyoanzishwa Kuwait na Mohammed Al-Sharekh katika mwaka 1982, ikaihamisha elimu ya namna hiyo ndani ya kompyuta, ikatoa Kurani na vitabu tisa vya Hadithi katika programu zenye kutafutika. Inafaa kukumbukwa kwamba wanazuoni hao walikuwa na shida ya mwana wa wakala wetu karne nyingi kabla yake. Usemi mmoja umefika kwa njia nyingi, kwa maneno yaliyotofautiana kidogo, na kila njia ina watu wake. Walichofanya si kuchagua moja na kuzichoma nyingine. Waliziweka zote, kila moja na isnadi yake.

Barua pepe nazo zina isnadi, ingawa watumiaji hawaioni. Kila barua huzaliwa na namba yake ya pekee, iliyofichwa juu ya maandishi, na barua ya kujibu hubeba namba ya ile inayoijibu, na mara nyingi namba za zote zilizotangulia. Utaratibu huo ulikwisha kuandikwa katika kanuni za mwaka 1982. Kwa namba hizo programu yoyote inaweza kuzipanga barua za miaka 20 katika nyuzi, swali na jawabu lake, hata kama ziliandikwa na matoleo mbalimbali ya programu mbalimbali. Ni kwa sababu ya namba hizo kwamba mwezi Desemba 2001 kampuni ya Google iliweza kuunganisha mazungumzo ya miaka 20 ya mtandao wa Usenet. Sehemu ya mazungumzo hayo ilitoka katika kanda 141 za sumaku zilizokuwa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, zenye ujumbe kama milioni mbili. Usenet ilikuwa imepitia programu kadhaa tangu 1980, na mpangilio wa vichwa vya habari ulibadilika njiani. Namba ndizo zilizouokoa.

Programu nyingi, hata hivyo, huwaonyesha watu kichwa cha habari, si namba, na kichwa cha habari ni ushahidi dhaifu. Outlook ya Kiingereza huongeza Re, ya Kiarabu huongeza neno lake, ya Kijerumani lake. Na ipo tabia ambayo karani yeyote ataikiri: mtu akitaka kumwandikia mteja, hutafuta barua yoyote ya zamani ya mteja huyo, akabonyeza kujibu, akaanza habari mpya kabisa. Hivyo makubaliano ya kontena la matairi yanakaa chini ya kichwa kisemacho Eid Mubarak.

Saa ni mtego wa mwisho katika kupanga. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja. Wakala akiuliza bei saa tano kamili asubuhi kwa saa ya Dubai, kule Kariakoo ni saa nne. Akijibiwa baada ya dakika ishirini, jawabu lina saa nne na dakika ishirini, nalo katika orodha isiyojali tofauti ya majira hutangulia swali lake. Barua pepe huandika tofauti hiyo pembeni, kwa hiyo programu nzuri haikosei. Mazungumzo ya simu yakitolewa kama maandishi huja na saa ya simu iliyoyatoa, bila kusema ni saa ya wapi, na tarehe huandikwa kwa mpangilio wa simu hiyohiyo. Tarehe 04/05 ni Mei 4 kwa mmoja na Aprili 5 kwa mwingine. Na Waswahili wenyewe wakiandika tukutane saa nne, mmoja wao akiwa amekaa sana Ghuba, hakuna programu itakayojua kama wamekusudia saa nne yao au saa nne ya Kizungu.

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya mafundi kama pasingekuwa na mahakama. Dubai ilikuwa na sheria yake ya miamala ya kielektroniki mwaka 2002, shirikisho zima likapata yake mwaka 2006, na nyingine ikachukua nafasi ya hiyo mwaka 2021. Maandishi ya kompyuta, kwa hiyo, yanasikilizwa. Lakini lugha ya mahakama za Dubai ni Kiarabu, ukiacha zile za kituo cha fedha cha kimataifa, DIFC, zinazotumia Kiingereza. Maneno ya Kiswahili sharti yapite kwa mfasiri aliyeidhinishwa, naye hulipwa kwa ukurasa. Familia isiyoweza kutafuta ndani ya mazungumzo hulazimika ama kufasiri kila kitu, ama kuchagua kwa kubahatisha. Wajibu wa kuhifadhi vitabu nao una mwisho: mfanyabiashara kwa kawaida hutakiwa avitunze miaka 5, iwe kwa sheria ya biashara au kwa ile ya kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza Januari 2018. Deni mbele ya Mungu halina miaka 5.

Nini basi cha kufanya? Mafundi wanaookoa faili za namna hii, na wapo wengi katika maduka ya kompyuta ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, huanza kwa jambo ambalo wateja huliona la kuchelewesha: kunakili kila faili lilivyo, bila kulifungua. Kufungua faili la zamani kwa programu mpya ndiko kunakoliharibu, maana programu mpya mara nyingi hulibadilisha na kulihifadhi upya, na jedwali likikosewa hapo, Omar amekwisha kuwa adhuhuri moja kwa moja. Nakala ikishawekwa pembeni, ndipo inajaribiwa: jedwali hili, jedwali lile. Njia rahisi ya kujua jedwali sahihi ni kutafuta neno ambalo lazima limo, lenye herufi za baada ya dwadi. Bismillahi hufaa sana, nayo huwa juu ya barua nyingi. Lamu na mimu zake zikitoka sawa, jedwali ndilo. Kisha kila kitu huhamishiwa Unicode, kafu zote zikafanywa kafu moja, ye zote ye moja, vikoma vyote vikasimamishwa wima, tarakimu zote zikawa za namna moja. Hayo hufanywa katika nakala ya kutafutia tu. Barua ya asili hubaki ilivyoandikwa, maana mahakamani na kwa kadhi itakayotakiwa ni hiyo.

Kwa majina hakuna dawa zaidi ya orodha. Mwana wa wakala, pamoja na mama yake na karani wa zamani wakiwa bado wapo, hukaa na kuandika: mteja huyu baba alimwita hivi, pasi yake inasema hivi, kwa Kiarabu aliandikwa hivi, katika simu alihifadhiwa kwa jina la Mzee wa Tanga. Orodha ya watu 60 huchukua alasiri mbili, na hufanya kazi ambayo kompyuta haikuiweza kwa mwezi.

Kinachobaki baada ya hapo ni sauti. Miaka ya mwisho wakala hakuandika sana. Macho yalichoka, akawa anabonyeza simu na kusema. Simu za Android huhifadhi ujumbe huo kwa jina lenye tarehe na namba, na hakuna zaidi. Zipo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, na kwa Kiingereza zinafanya vizuri. Kwa mzee wa Kimvita anayechanganya Kiswahili, Kiarabu na bei za matairi kwa Kihindi, mtu huketi kitini, akaweka simu mezani, akasikiliza moja baada ya nyingine. Mjane akiwapo chumbani, huombwa kwanza kama anapenda kubaki au kutoka.